Mstari wa Tatu

Fomu ya kupandishwa cheo inauliza: ulianzia wapi?
Naandika: karani wa masjala, Fujaira, chumba cha chini,
kiyoyozi kikidondosha maji ndani ya ndoo ya rangi.
Habari za ndoo hawakuuliza. Nimeziandika.

Kisha mwendesha mashtaka, Kalba, miaka sita.
Kisha jaji, mahakama ya mwanzo,
joho jipya lenye mikono mirefu kuliko yangu.
Mama akaipinda usiku, uzi mdomoni,
akisema kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Usikae kama picha. Mtu akisema, mtazame."

Lugha?
Kiarabu. Kiingereza, cha kusomea.
Mstari wa tatu nauruka.

Kwa sababu hapo kwenye mstari wa tatu
amesimama Mwantumu Kibwana, mpishi katika nyumba ya watu, Dibba,
ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.
Alisema: Nimeibiwa.
Mkalimani, mchovu, saa saba mchana, Alhamisi,
akasema: Anakiri. Ameiba.

Silabi moja ilianguka njiani
na mimi niliiona ikianguka.

Sheria yasema jaji asikie kwa sikio la mkalimani.
Haisemi sikio lile jingine alifanyeje,
lile lililonyonya pamoja naye.
Nilikohoa. Nikaagiza swali lirudiwe,
polepole, neno kwa neno, na jibu vilevile.
Kiswahili sikukitamka. Niliogopa,
kama mtoto aliyeficha kitu mfukoni mwa kanzu.
Mwantumu akanitazama muda mrefu.
Sijui alijua nini.

Kisha rufaa, Sharja. Napita Masafi kabla ya jua,
milima bado myeusi, chai ya karaki ikichoma ulimi.
Huko watu walipungua, wakaja mawakili,
wananukia udi, hawakosei silabi.
Na Abu Dhabi, kwenye ngazi ya juu kabisa, naambiwa
hata mawakili ni wachache. Hupanda karatasi tu,
zimegongwa mhuri, zimefungwa uzi:
mshtakiwa alikiri,
mshtakiwa alikiri.
Karatasi haikohoi. Ukiitazama, haikutazami.

Joho la huko litakuwa refu pia, nadhani.
Wa kulipinda amelala makaburini, miaka minne sasa.

Usiku huu nimerudi kwenye fomu.
Mstari wa tatu: Kiswahili.
Kiwango?
Cha kusikia.