Visahani

Kaka yangu Bugumba alipata marupurupu ya nusu mwaka
akatupeleka kula Capri Point, juu ya mawe,
mgahawa mpya wenye taa ndani ya chupa.
Tulikuwa wanne: yeye, wifi Adventina, mama na mimi.

Mhudumu akatueleza taratibu kama karani wa uchaguzi:
hapa hakuna sahani ya mtu,
hapa mnaagiza vingi, vidogo, mnashirikiana.
Mama akanitazama.
Aliyelea saba kwenye sinia moja
leo anafundishwa kushirikiana.

Vikaja.
Dagaa wa limau: nikawahesabu, kumi na mmoja.
Pale Mwaloni dagaa hawana idadi,
hupimwa kwa sado, na nyongeza juu.
Kijiugali cha muhogo, yai la kanga.
Kijimlenda ndani ya kijikombe.
Kila kitu kilikuwa kimevalishwa ki,
hata njaa yangu ikaona haya kujiita njaa.

Halafu kababu tatu.
Watu wanne, kababu tatu:
hesabu hiyo sijui aliitunga nani.
Moja ikabaki katikati ya meza,
kula wewe, hapana, kula wewe, mimi tayari,
mpaka ikapoa kwa adabu.

Na sangara, minofu, myembamba kama risiti.
Utoto wetu minofu ilipanda ndege,
sisi tulinunua mapanki, tukanyonya mfupa
mpaka mfupa ukawa safi kuliko shati la shule.
Sasa minofu imeturudia.
Imekonda safarini.

Lakini niseme na hili.
Marehemu baba alikula kichwa cha sato miaka thelathini,
kaka zangu kiuno, sisi wasichana mkia,
mama mchuzi na harufu.
Pale mezani samaki hakuwa na kichwa,
basi hakuna aliyekuwa na haki ya kichwa.
Adventina alianza kabla ya mumewe
na dari haikuanguka.

Tena niseme na hili, ndilo lililonifanya niandike.
Tangu Machi, tangu Bugando wamshone,
tumbo la mama limekuwa ngumi.
Nasi nyumbani tunampakulia,
maana kwetu upendo hupimwa kwa kimo cha ugali.
Anautazama ule mlima,
anashindwa hata kabla hajanawa.
Anausukuma huku na huku, anasema nimeshiba,
nasi tunajifanya tumesadiki.

Usiku ule alionja dagaa wawili.
Akaonja mlenda kwa ncha ya kijiko,
nusu kababu (ile ile ya adabu),
kipande cha embe chenye pilipili, akacheka.
Visahani saba. Nilihesabu kimya kimya
kama nilivyokuwa nahesabu matone ya dripu.
Akasema nimeshiba,
na haukuwa uongo.

Bili ndiyo iliyokataa kuvaa ki.
Haba na haba, tulijua hujaza kibaba,
hatukujua kibaba cha nani.
Bugumba aliisoma mara mbili, akaigeuza,
akatafuta nyuma pengine kuna msamaha.

Mkuyuni tukasimamisha gari.
Chipsi mayai, sahani za plastiki, kachumbari ya kumwaga,
mimi na kaka tukala tukiwa tumesimama, bila kuulizana.
Adventina alisema hana njaa
akala nusu ya zangu.
Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma,
mdomo wazi kidogo, mikono juu ya tumbo.

Asubuhi nilishusha visosi vya wageni,
vile vya maua, sita, kimoja kina pengo.
Kimoja nsansa ya karanga.
Kimoja ugali, yai la kanga.
Kimoja nusu ndizi.
Kimoja sato, nimemtoa miba.
Akavitazama vilivyojipanga.
“Na bili nampa nani?”

Akala polepole, akizunguka kama mtu anayesalimia nyumba kwa nyumba.
Kikabaki kipande kimoja cha sato.
Nikangoja ile adabu.
Akakichukua.