Kifuniko

Ukumbi wa Montevideo, Julai, baridi ya kusini
inapenya chini ya mlango kama mgeni asiyealikwa.
Viti ni vya plastiki, vimebonyea mahali
ambapo hakuna mgongo wa binadamu uliowahi kubonyea.
Nacheka peke yangu: mabingwa wa viti na migongo
wamevumilia adhabu hii saa mbili nzima.

Ratiba iko mkononi. Ukurasa wa kwanza, tuzo.
Ukurasa wa pili, yajayo:
Agosti, Rosario, madereva wa malori na usingizi wao;
Oktoba, Valparaíso, kreni za bandarini
na shingo za wanaoziendesha;
Machi, hapa hapa, warsha ya ving'ora vya hospitali,
msemaji atatangazwa.

Msemaji ni mimi. Bado sijawajibu.

Nélida Etcheverry, muuguzi, Paysandú,
zamu ya usiku, miaka kumi na tisa.
Usiku mmoja (mwaka siutaji, unajitaja wenyewe)
chupa mbili ndogo zilikaa jirani kwenye trei,
kifuniko cha buluu na kifuniko cha buluu,
maandishi membamba kama miguu ya sisimizi,
taa moja imekufa tangu Jumanne,
kengele tatu zinalia, mbili kati yake za uongo.
Mkono wangu ulikwenda ulikozoea kwenda.

Mgonjwa alikuwa na meno mawili ya dhahabu
na alipenda kunitania. Basi.

Wakaja na faili. Wakauliza nililala saa ngapi,
kama nina ugomvi nyumbani, kama nakunywa.
Hakuna aliyeihoji trei.
Mama akanishika kichwa: ajali haina kinga, mwanangu.
Nikaishi ndani ya maneno hayo miaka minne
kama mpangaji wa chumba kisicho na dirisha.

Halafu akaja Ofelia Bentancor, na rula.
Hakuniuliza lolote. Aliomba kukaa zamu nzima
juu ya ndoo iliyopinduliwa, akihesabu:
mara ngapi nainama,
mara ngapi naitwa nikiwa katikati ya kupima dawa,
hatua ngapi toka kabatini hadi kitanda cha saba.
Saa kumi alfajiri akazima taa moja,
akanipa chupa mbili, akasema, nisomee.
Sikuweza.
Kulipokucha akafunga mapazia, akampa daktari mkuu.
Naye akakodoa, akasafisha miwani, akakodoa.
Ofelia akafyonza kibuyu chake cha majani machungu,
akasema kana kwamba anazungumzia mvua:
"Mkono wako ulitii trei."

Nililia chooni. Si kwa furaha. Sijui kwa nini.

Sasa anaitwa jukwaani. Tuzo ni ya kifuniko:
cha manjano, chenye matuta ubavuni,
kidole kinakijua gizani kabla jicho halijafika.
Kitu kidogo. Bei yake haifiki nauli ya basi.
Wanampa kioo kizito chenye ncha, hakina pa kushika;
anakigeuza, anautafuta mpini,
ukumbi mzima unaangua kicheko,
na kipaza sauti kimesimama usawa wa paji la uso wake
maana aliyekipima alikuwa mrefu.

Anashukuru chuo. Anashukuru hospitali.
Macho yake yananitafuta safu ya nyuma, yananipata,
yanapita. Hanitaji. Tulikubaliana asinitaje.

Watu wanapiga makofi, nami napiga,
kwa mkono ule ule.

Mfukoni nina kifuniko kimoja cha zamani, cha buluu.
Nakisugua kwa kidole gumba: laini, laini,
hakisemi kitu.
Machi, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi.
Jibu wanalitaka Ijumaa.

Wakati wa kutoka namuuliza binti wa mapokezi
kama siku hiyo kitakuwepo kipaza sauti kinachoshuka.
Anauliza, kishuke mpaka wapi?
Namwonyesha, kwa kiganja, chini ya kidevu changu.
Anaandika.