Kabla Hajatimiza Saba

Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
nimepiga hesabu mara tatu,
mikono ikinuka bado sabuni ya dobi la hospitali.
Basi la watalii: zloti themanini. Hapana.
Gari la shemeji Radomir: petroli juu yangu,
na habari za figo zake njia nzima,
bure iliyo ghali.
Tramu: tikiti moja tu, ya kwangu.
Kosma hajatimiza saba.
Anatimiza kesho.

Kwa hiyo ni leo, ama basi tena.

Mayai sita ya kuchemsha, mkate wa mafuta ya nguruwe,
matango ya siki katika kopo la jemu,
chai kwenye chupa aliyoiacha baba yake
alipokwenda Ujerumani,
pamoja na mwavuli, na sisi.
Jua linawaka Bytom nzima
na mwanangu kavaa mabuti ya mvua.
"Yana visigino," anasema.
Sikuuliza visigino vya nini.

Tramu ikaja ikilia kama droo ya vijiko
iliyovutwa kwa hasira.
Nikaitia tikiti mashineni ikang'atwa: dakika arobaini.
Zinatosha, zinabaki na tano.
Haba na haba, husema watu,
lakini haba yangu siku zote imekosa mwenziwe:
karibu na Chorzów gari la mikate
limeegeshwa, tako juu ya reli,
mwenyewe hayupo.

Dereva akapiga kengele.
Akashuka, akapiga dirisha la duka la maua.
Bibi mmoja akasema enzi zake wangelibeba lile gari kwa mikono;
hakuna aliyenyanyuka, naye pia.
Dakika ya thelathini na nane.
Dakika ya arobaini na moja.
Na kama vile mvua inavyomjua asiye na koti,
mkaguzi akapanda.

Aliitazama tikiti, akaitazama saa,
akamtazama Kosma.
"Ana miaka mingapi huyu?"
Nikafungua mdomo.
"Kesho saba!" akapaza mwanangu, tramu nzima ikasikia.
Mkaguzi akatoa ratiba mfukoni,
karatasi iliyolainika kama leso,
akafuata mistari kwa ukucha.
"Kwa mujibu wa hii, mama," akasema,
"mmeshafika tangu dakika nane zilizopita.
Karibuni bustanini."
Akaenda kumsumbua kijana mwenye baiskeli.

Langoni pa lile treni kubwa, linalopanda hadi mbinguni
na kuwamwaga watu chini kama makaa,
kuna mchimba madini wa ubao, kanyoosha mkono:
aliye chini ya mkono huu, haruhusiwi.
Kosma akasimama, shingo kairefusha,
nywele zikagusa. Nusura.
Binti wa langoni, ubani mdomoni:
"Vua mabuti."

Vidole viwili.
Vidole viwili vilipungua,
nami nikafurahi, Mungu anisamehe,
maana safari moja ya treni lile ni mboga ya Jumatatu;
kisha nikaona haya,
nikamvalisha mabuti polepole
nisimtazame usoni.

Tukapanda farasi wa kuzunguka, yule asiye na sikio,
mara mbili. Akala mayai manne.
Saa nzima alikaa ukingoni mwa maua
akihesabu mayowe ya wenziwe:
mia moja na kumi na tisa, akaniambia,
na mmoja alimwita mama yake.

Kurudi, taa za tramu zikiwaka,
kichwa chake kizito mapajani, nikadhani kalala.
"Mtu akitimiza saba hurefuka usiku huohuo?"
"Kidogo."
"Vidole viwili?"
Sikumjibu. Nilikuwa nazidisha:
tikiti mbili kwenda, mbili kurudi,
kiingilio, treni, labda mwezi wa nane,
nikipata zamu za usiku za Halszka.
Nikaitoa bahasha. Nyuma imejaa.
Mbele, chini ya jina letu,
palikuwa na nafasi ya hesabu moja.