Kasoro Shubiri

Miaka sita dirisha letu lilivaa khanga,
na kabla ya khanga, mfuko wa saruji
uliopasuliwa ukagongomelewa misumari minne,
ukivuta pumzi kila upepo uliposhuka mlimani.
Kioo kilipoingia, mwezi wa pili,
nilikigusa kwa mgongo wa kiganja
kama ninayepima homa ya mtoto.
Ndekirwa akasema, "Bado pazia,"
na hapo ndipo tulipoachana njia.

Yeye analinda ghala la kahawa, usiku.
Anarudi saa moja, mnyororo wa baiskeli unalia,
tochi inawaka kwapani, kasahau kwamba kumekucha.
"Nunua zito," aliniambia, "lenye bitana.
Nikifumba macho
nataka nikute nyumba nayo imefumba."

Mimi nilitaka shela.
Nyeupe, ya kubebwa na upepo mdogo tu,
Mawenzi anione nikichambua maharage,
yule wa kichwa kilichochongoka,
aliyechoka kuombaomba moto kwa nduguye
akaambulia mchi.
Sikumwambia Ndekirwa hivyo.
Nilisema shela hukauka upesi.

Kiboriloni, Mama Siaeli amepanda juu ya robota,
anayakung'uta mapazia moja moja, vumbi la safari linatutoka machoni.
"Elfu nane! Kwa uso wako, sita!"
Lile la udongo lilikuwa la tatu kutoka chini.
Nililinyoosha juani.
Jua la nchi nisiyoijua lilikwisha kulichoma michirizi,
ila katikati rangi ilibaki nzito,
upana wa mabega,
mahali palipokuwa na nguzo, au kabati,
au mtu aliyezoea kusimama akingoja.
Nilikaa nalo mkononi.
Shela zilikuwa palepale, mkono wa kushoto, elfu tatu.
Sikuzigeukia.
Nilimfikiria mume wangu alivyolala jana,
shati limefungwa machoni kwa mikono yake
kama mtu aliyetekwa.

"Tano," nikasema.
"Chukua, mama, na Mungu anakuona."

Fundi Elinami hakuinua uso kwenye charahani.
"Urefu?"
Karatasi ilikuwa kwenye fundo la khanga,
imeandikwa na Ndekirwa mwenyewe, kwa kalamu ya kazini,
namba zimenyooka kama mlinzi mbele ya bosi:
mita moja na nusu.
Nilifungua mdomo kuisoma.
"Mita moja na nusu," nikasema, "kasoro shubiri."
Cherehani ikanyamaza.
"Shubiri ya nani?"
Nikaweka mkono wangu juu ya kitambaa, nikautanua
mpaka ngozi kati ya vidole ikauma,
naye akapiga chaki kwenye ncha ya kidole gumba.

Sasa chumba chetu ni usiku mchana kutwa,
isipokuwa pale chini.
Saa tatu jua likipanda ubavuni mwa Mawenzi
linapenya juu ya kizingiti, upande wa mkono wangu,
linatambaa sakafuni, linavuka ufagio,
linafika kitandani, linaishia hapo.
Nikiinama kuokota kibiriti namwona Mawenzi,
nusu yake.
Inanitosha, siku nyingi.

Ndekirwa hajauliza.
Kipande kilichokatwa naepulia sufuria.
Juzi alikishika yeye, akaepua chai,
akakigeuza upande wa pili, akakitazama, akakirudisha msumarini.
"Kitambaa kizuri," alisema.
Nikaendelea kukoroga.

Leo nimeingia kwa ncha za vidole kuchukua khanga.
Amelala kifudifudi, mdomo wazi, bila shati machoni.
Kandambili zake hazikuwa uvunguni.
Zilikuwa zimepangwa ndani ya ule mstari wa jua,
sambamba, visigino ukutani,
zinaota moto zikimngoja aamke.