Dirisha la Mama Tulalumba

Julai, Matamba. Jalidi imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira,
nami nabisha hodi kuomba jambo la kipumbavu:
Mama, fungua dirisha.

"Enesi, una wazimu? Baridi hii?"
Dirisha limegongomewa bati, misumari tisa,
tangu mwaka aliozaliwa Yohabu.
Na Yohabu yuko kitandani. Amerudi Chunya
na gramu mbili za dhahabu, na kikohozi.
Dhahabu iliishia kwa mganga.

Nampa kikopo. Cha alfajiri, namwambia,
kabla ya chai, kitoke kifuani, mate sitaki.
Kikapanda bodaboda hadi Iwawa
ndani ya kisanduku cha barafu,
kana kwamba huku kwetu kuna joto.
Jibu likaja kwa simu: wamo.

Sasa nani analala na nani?
Daftari langu lina safu kumi na mbili, nyumba hii haina hata moja:
watoto wanne wa marehemu dada, godoro moja,
bibi yao, mbuzi mwenye mimba,
shemeji aliyelala siku tatu akapitiliza Makambako.
Mbuzi sikumwandika.
Ombeni, kilo tisa, akapewa vidonge vya kinga,
akadai vya pili.

Mkojo utakuwa mwekundu kama chai ya rangi, Yohabu, usiogope.
Akaogopa. Alinipigia saa nane usiku.

Mwezi wa tatu mashavu yakarudi,
na mtu akipona nusu hujiona mzima.
Akadandia fuso la mbao kwenda Mafinga,
vidonge akaviacha chini ya mto.
Nilipiga simu mpaka salio likakata.
Siku sita. Wilaya inataka takwimu, wizara inataka takwimu,
na huko mbali sana, ng'ambo ya maji,
kuna watu wanachora mstari wa dunia nzima
wakiuombea ushuke.
Mimi nilikaa juu ya gogo, njia panda,
nikisubiri nukta yangu moja ishuke kwenye lori.

Alishuka. Akameza mbele yangu, bila maji.
Sikumgombeza.
Mgonjwa wangu wa kwanza nilimgombeza;
kaburi lake liko nyuma ya kanisa.

Januari, dozi ya mwisho. Nakuta bati limeng'olewa,
dirisha wazi, mwanga umekaa kitandani kama mgeni.
Nikajiona mwalimu hodari.
"Wala si kwa ajili yako," Mama akasema.
"Nataka kuwaona wanaoiba mapichisi yangu."

Haya. Nikafungua safu ya kumi na mbili.
Kalamu ikagoma, kwa ubaridi au kwa uzee.
Nikaipulizia. Haikuandika.
Yohabu akaninyang'anya,
akaikumbatia kwa viganja, akapuliza
pumzi ndefu, ndefu, hata nikaanza kuhesabu,
na hakukohoa.

Nikaandika Ame-
wino ukashika.