Sentimita Nne

Kabla, walinisimamisha ukutani: mia na arobaini na tano.
Baada, muuguzi Nhonya akapima, akafuta, akapima tena:
mia na arobaini na tisa.
Miaka hamsini na miwili, nimerefuka kama mtoto wa shule.

Miaka kumi na tisa nilipogoa zabibu za watu, Mpunguzi,
na uti wa mgongo ukadhani kuinama ndiyo kazi yake.
Ukapinda kushoto, ukajirudi kulia,
mpaka khanga ikakataa kulingana pindo:
huku inafagia vumbi, huku inaonyesha goti.
Watoto wa jirani waliniita Alama ya Kuuliza.
Walikuwa wamefundishwa wiki ile.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema shemeji Ndahani.
Nami ni ng'onda, shemeji. Najua.

Daktari Nkinda hakunificha.
Aliinua vidole kumi, akasema, "Hawa ni wagonjwa wangu."
Akakunja vitatu. Akasita. Akakunja cha nne.
"Hawa watarudi na jambo.
Kidonda kuoza, chuma kukatika, mguu kugoma.
Na mara mojamoja, mama, mtu haamki."
Nikatazama vilivyobaki wima.
Sita.
Nikaomba wino wa dole gumba.

Saa nane mezani; waulizeni wao.
Mimi najua kuamka tu: kinywa kikavu
kama Kinyasungwe mwezi wa kumi,
na ndani ya mgongo wangu kuna mtu mwingine amelala,
amenyooka, hataki kugeuka.

Siku ya tisa, usaha.
Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshakuwa skrubu.
Wa pili akawa sindano, asubuhi na jioni, wiki tatu,
nami ubavuni nikihesabu vigae hadi mlangoni:
kumi na saba, na kimoja nusu.
Mguu wa kushoto ukawa mgeni kwangu.
Ndara yake hata leo naifunga kwa mpira wa baiskeli,
la sivyo inabaki njiani, naambiwa na wapita njia.

Mwezi wa kumi na nne niliinua ndoo.
Nilikatazwa, ndiyo. Maji yalikuwa yametoka, nikainua.
Tak!
Kama waya wa shambani mzabibu unapoulemea.
Kwenye eksirei, palipokuwa na fimbo moja palikuwa na mbili.
Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.
Nikamwambia, "Kile kidole ni mimi. Nilikuwa cha ngapi?"
Hakucheka.
Kisha akacheka, na macho yake si ya kucheka.

Wakanifungua tena.

Sasa Nhonya ameniletea karatasi ya maswali.
Maumivu, sifuri hadi kumi?
Nne, andika nne. Mwezi wa saba andika sita,
upepo wa Dodoma unapokikuta chuma
na kuanza kukisimulia habari za baridi.
Unatembea mwendo gani bila kupumzika?
Mpaka mashine ya kusaga. Zamani, mpaka mlangoni.

Hakuna swali la miguu:
kwamba siifikii, ananiosha Sechelela,
nami nauona utosi wa binti yangu
kama nilivyouona alipokuwa wa kubebwa.
Hakuna swali la harusi ya Mazoya,
mpiga picha alipopanga watu
na hakunisogeza mbele, kwa watoto.
Wala la pumzi. Pumzi inafika chini sasa,
inakaa, haina haraka.

Swali la mwisho: ungejua yote haya, ungekubali?
Nimeweka alama kwenye Ndiyo.
Kalamu nimeirudisha upesi.

Msimu huu nafunga matawi ya juu peke yake,
yale ya kifuani na kupanda.
Ya chini anapogoa Sechelela, mkasi mdomoni,
mgongo umejikunja kama upinde.
Namwambia kila mstari, naye kila mstari anasahau:
piga goti, mwanangu.
Piga goti. Usiiname.