Visawe vya Tuama

Umeme umekatika Majengo yote.
Ndeshi anasoma kwa tochi ya simu yangu:
"Taja visawe vitatu vya neno tuama."
Alama sita.

Kauliza mtu sahihi. Mimi ni mtu wa masijala,
miaka kumi na tisa, dirisha lilelile,
linaloutazama mlima siku mlima unapotaka kutazamwa.
Jalada likikosa sahihi, tunasema limekwama.
Likipita mwaka wa tatu hatusemi kitu,
tunaliwekea jingine juu.

Andika kwama.
"Lakini baba, gari likikwama linasukumwa."
Kweli.
Basi dorora. Redio husema bei ya kahawa imedorora,
kwa sauti ya mtu anayemtaja mgonjwa wa jirani.
Ganda ni la mafuta juu ya mchuzi wa jana.
Chacha ni la togwa, na la mfuko wangu kila tarehe ishirini.
"Na bweteka?"
Hilo mama yako kalitumia juzi, tena hakuwa anasema maji.

Dumaa sikulitaja.
Hilo lilipimwa kwa futi pale zahanati ya Pasua,
nesi akaliandika kwenye kadi ya kaka yake,
mama yake akaikunja kadi mara nne,
na hakuna aliyeikunjua tena.

Kumbe bibi Aikande hajalala.
Ameteremka kutoka Kibosho kwa ajili ya macho,
plasta jeupe jicho la kushoto,
anasema kutoka gizani:
"Maji yaliyolala siyo maji yaliyotuama."

Kwao kulikuwa na nduwa juu ya mashamba.
Jioni wanaziba, mfereji unaingia mwembamba kama uzi,
usiku kucha maji yanajikusanya, yanangoja.
Alfajiri mwenye zamu anachomoa kizibo cha mgomba,
na uzi unatoka kamba,
unafika hadi kihamba cha mwisho kule chini,
ambako mchana haukufika hata unyevu.

"Sasa yanatuama vipi, bibi?"
"Mwenye zamu akisahau."
Mwaka ule Ndewirwa alipolazwa, hakuna aliyechomoa.
Kwanza wakaja vyura, tukafurahi, wanaimba.
Kisha ngozi ya kijani.
Kisha harufu, na ng'ombe akageuza kichwa.
Maji ni yaleyale, anasema bibi. Yaleyale kabisa.

Tukanyamaza.
Nikawa nahesabu zamu zangu kwa vidole, gizani.
Nani aliziba?
Nilitaka awe mkurugenzi, yule wa kwanza au yule wa pili,
nikamtafuta na marehemu baba yangu, aliyependa kazi yenye kiti.
Nikaukuta mkono wangu.

Umeme ukarudi, friji ikaguna.
Ndeshi kaandika kwama, kaandika dorora,
ya tatu kaacha wazi.
"Lala inafaa?"
"Muulize mwalimu."
"Ukikosea unapoteza mbili, baba."
Bibi alikuwa anakoroma, au anajifanya.

Asubuhi niliwahi kabla ya mfagiaji.
Nilivuta droo ya chini, ile inayogoma,
nikainua kalenda za zamani, risiti, rula iliyovunjika.
Barua ya uhamisho kwenda Mbulu, ya mwaka wangu wa nne,
ile niliyomwambia mke wangu haikuja.
Kibanio kimeota kutu
na kimeacha umbo lake juu ya jina langu.
Nilijaribu kulifuta kwa kidole cha mate.

Saa moja na nusu. Mtu wa kwanza anagonga dirishani,
ameshika risiti ya mwaka juzi.